NGC 1365: ile fimbo ya katikati imeletwa na msongamano wa majirani, au galaksi ilijitengenezea yenyewe?

MtuWaMwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikera na najua humu wamo wajuzi.

Kuna galaksi inaitwa NGC 1365. Itafuteni picha yake, iwe ya darubini ya James Webb au ya wale ESO (waangalizi wa anga wa Ulaya) walioko Chile. Ina mikono miwili mirefu iliyojikunja, lakini mikono hiyo haianzii kwenye kiini. Inaanzia kwenye ncha za fimbo nene ya nyota iliyolala katikati, hata ukiitazama kwa mbali unaona herufi Z iliyolegea. Ipo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 60, na imo ndani ya kundi la galaksi lililo upande wa kundinyota la Tanuri.

Dai langu ni hili: fimbo ile imeletwa na msongamano. Galaksi ikikaa peke yake inabaki duara safi. Ikiingia kwenye kundi, majirani wanaivuta huku na huku mpaka katikati inanyooka. Mwenye hoja tofauti aje, ila aje na sababu.

Sir Migebuka
Nimeweka kiti. Naona umeme umerudi Mwanga.

Binti Ujiji
Dai linaanguka mlangoni. Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, nayo ina fimbo, na sisi hatumo kwenye kundi kubwa lolote. Tumo kwenye kikundi kidogo na Andromeda, ambayo iko miaka ya nuru milioni 2.5, pamoja na vigalaksi vidogo vidogo. Gérard de Vaucouleurs alishasema mwaka 1964 kwamba galaksi yetu ina fimbo. Mwaka 2005 wakaipima kwa darubini ya Spitzer, iliyokuwa inaona mionzi ya joto na hivyo kupenya vumbi, wakapata urefu wa kama miaka ya nuru 27,000. Ya kwetu ilisukumwa na nani?

MtuWaMwanga
@Binti Ujiji kwani Andromeda si jirani? Jirani ni jirani hata kama nyumba zimeachana.

Relini
Mwangaluka wadau. Mimi nipo na mtoa mada. Nendeni stesheni ya Tabora siku treni ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda zimekutana. Hakuna anayebaki amesimama alivyokuwa amesimama. Mzigo unahama, foleni inapinda, mtu anajikuta upande ambao hakuukusudia. Kundi la galaksi ni hivyo hivyo, mvutano unatoka kila upande.

Mwl wa Kasulu
@Relini mfano wako mzuri, ila umesahau mwendo. Ndani ya kundi galaksi zinapishana kwa kasi kubwa mno. Kundi la Tanuri ni dogo, na hata humo kasi zinatofautiana kwa kilomita mia tatu na kitu kwa sekunde. Kundi la Coma zinafika kama kilomita elfu moja kwa sekunde. Huo si msukumano wa stesheni, hiyo ni treni inayopita bila kusimama. Jirani akipita mbio hivyo hana muda wa kukuvuta ukabadilika umbo. Mvutano wa maana hutokea wanapopishana polepole, na hilo liko zaidi kwenye vikundi vidogo kama chetu. Kwa hiyo hoja ya majirani haijafa, ila mmeiweka mahali pasipofaa.

Dokta Feki
Nyie mnabishana bure. NGC 1365 iko kundi la Virgo, ukubwa wake sawa na Njia Nyeupe, miaka ya nuru 100,000, na mwanga tunaouona leo ulitoka huko dinosaria wakitembea hapa duniani. Google ipo.

Karabai
@Dokta Feki jina lako linakutosha.

Kwanza, Virgo ni kundi jingine kabisa, na ni kubwa zaidi. Huko kuna galaksi za fimbo pia, kama M58 na M91, labda ndizo ulizochanganya. Pili, NGC 1365 ina upana wa kama miaka ya nuru 200,000. Ni jitu. Tatu, dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mwanga huu ulipoanza safari walikuwa wamefukiwa zamani, wanyama wanyonyeshao ndio wanatawala. Ukitaka mfano wa nyumbani, ziwa letu la Tanganyika wataalamu wanalipa umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12. Mwanga ulikuwa njiani muda mrefu sana kabla ardhi haijapasuka hapa na maji kujaa mpaka kina cha mita 1,470.

Dokta Feki
Nilikuwa nawapima kama mko macho.

Sir Migebuka
😂😂 Kipimo kimerudi na majibu.

Mama Mawese
Samahani jamani, swali la mtu wa chini. Hiyo milioni 60 nani alienda kuipima? Maana mimi mita za kitambaa tu napunjwa sokoni.

Binti Ujiji
@Mama Mawese swali lako ndilo la maana kuliko mabishano yetu. Kuna nyota zinaitwa Sefeidi. Zinang'aa na kufifia kwa mpangilio, na ile inayochukua siku nyingi zaidi kukamilisha mzunguko wake ndiyo yenye mwanga mkali zaidi kwa asili. Hilo aligundua Henrietta Leavitt, mwanamke wa Marekani, mwaka 1912 alipokuwa anachunguza Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Kwa hiyo ukihesabu siku unajua ukali wake halisi, ukilinganisha na unavyouona kutoka hapa unapata umbali. Miaka ya 1990 darubini ya Hubble ilizisaka Sefeidi ndani ya NGC 1365 hasa, kwa sababu ilikuwa njia ya kulipima kundi lote la Tanuri.

Mama Mawese
Ahsante mwanangu. Kumbe mwanamke ndiye aliyetoa rula.

Mwl wa Kasulu
Turudi kwenye fimbo. Kuna maelezo ambayo hayahitaji jirani hata mmoja. Mwaka 1973 Jeremiah Ostriker na James Peebles waliweka sahani ya nyota kwenye kompyuta, ikizunguka yenyewe, hakuna anayeigusa. Ikashindwa kutulia. Baada ya mizunguko michache ikajinyoosha ikawa na fimbo. Yaani la ajabu kwao halikuwa kwa nini galaksi zina fimbo. Walijiuliza kwa nini zipo zisizokuwa nayo! Jibu lao likawa kwamba lazima kuna uzito mkubwa usioonekana umeizunguka sahani na kuituliza. Hiyo ilikuwa moja ya hoja zilizoipa nguvu habari ya maada giza.

Na fimbo yenyewe msiifikirie kama mti mgumu. Kila nyota ina njia yake. Njia zimerefuka na kulala upande mmoja, nyota zinapita humo na kuendelea. Umbo ndilo linalobaki na kuzunguka. Kwa NGC 1365, ncha za fimbo zinamaliza mzunguko mmoja kwa kama miaka milioni 350.

MtuWaMwanga
@Mwl wa Kasulu basi maada giza inazuia fimbo. Mbona NGC 1365 inayo fimbo nene hivyo na haijazuiwa? Haina maada giza?

Mwl wa Kasulu
Hapo ndipo penye utamu. Miaka ya 2000 mwanzoni Lia Athanassoula alirudia mahesabu kwa kompyuta zenye nguvu zaidi, akiiacha na maada giza nayo isogee badala ya kuigandisha. Matokeo yakageuka. Maada giza inaweza kuchelewesha fimbo mwanzoni, lakini fimbo ikishaanza inaisaidia ikue, kwa sababu inapokea mzunguko ambao fimbo inautoa. Mzuiaji amegeuka mlezi. Kwa hiyo ukiniuliza maada giza iko upande gani, nitakuambia inategemea ni saa ngapi.

Relini
Mwalimu leo anaongea kama mwanasiasa wa Nzega.

Kambi ya Asali
Salaam kutoka Sikonge, mtandao unakuja na kuondoka kwa hiyo niseme haraka. Hiyo galaksi sisi tunaweza kuiona kwa macho? Maana nikiwa porini mvua hazijakolea, usiku wa manane moto umezimwa, kuna kipande cha wingu jeupe upande wa kusini, chini chini, hakisogei na upepo. Mawingu mengine yanapita, chenyewe kipo pale pale. Wenzangu kambini wanasema ni moshi wa mbali. Mimi nimekitazama miaka na miaka, moshi gani una mahali pake kati ya nyota zile zile?

Karabai
@Kambi ya Asali umeona kitu ambacho wazungu wa kaskazini wanapanda ndege kuja kukiona. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan. NGC 1365 kwa macho matupu haiwezekani, imefifia mno, ukadirio wa 9.5 hivi (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu). Lakini hilo wingu lako ni galaksi kamili, iko miaka ya nuru kama 160,000 tu, na sasa shikilia mzinga usianguke: nayo ina fimbo. Fimbo moja na mkono mmoja. Umekuwa ukiangalia galaksi ya fimbo bila darubini.

Kambi ya Asali
Nitawaambia hao wa moshi.

Sir Migebuka
Tabora wamepata ushindi mmoja leo. Kigoma tuna ziwa, nyie kaeni na wingu lenu.

Nyuki wa Urambo
@Sir Migebuka na asali. Usisahau asali.

MtuWaMwanga
Na hii NGC 1365 yenyewe kwa darubini ndogo nikiitaka nianzie wapi? Programu ya simu inanipa saa ambazo nikitoka nje naona mambo yamechelewa.

Karabai
Programu yako umeiwekea Dar, au umeweka saa bila mahali. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo ya 45, na Kigoma tuko karibu 30. Mbingu zetu zinachelewa karibu saa nzima nyuma ya saa ya ukutani. Tabora kama dakika 49.

Katikati ya Januari, saa tatu usiku, inakuwa juu kabisa upande wa kusini, kama digrii 59 kutoka upeo. Tafuta Rigel, ile nyota nyeupe kali ya kundinyota la Jabari (Orion). Kisha tafuta Achernar, nyota kali iliyo peke yake kusini. Pita kati yao, ukifika nusu ya njia sogea kidogo magharibi. Hapo ndipo Tanuri. Nyota za kundinyota lenyewe ni hafifu sana, usitegemee kuona tanuri lolote. Lacaille alilichora miaka ya 1750 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na nadhani alikuwa anajaza nafasi. Galaksi yenyewe aliiona James Dunlop mwaka 1826 akiwa Australia. Kwa darubini ya kioo cha inchi 4 utaona ukungu mdogo tu. Fimbo inaanza kujitokeza kwa inchi 8 na kuendelea, penye giza la kweli.

Binti Ujiji
Januari Kigoma ni mvua jamani. Utakaa nje na mwavuli.

Karabai
Ndiyo, lakini mvua ikikatika anga linakuwa limeoshwa. Kiangazi ndiko kunadanganya. Agosti saa kumi na moja alfajiri galaksi imeshapanda vizuri kusini-mashariki, mawingu hakuna, lakini watu wanachoma mapori na mashamba, upande wa Kongo nako ni moshi. Nyota za chini zote zinakuwa nyekundu.

Sir Migebuka
Na taa za wavuvi je? Kutoka Kibirizi ukitazama ziwani usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine umejengwa majini.

Karabai
Hapo ndipo mtego ulipo. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa, ila mwezi wenyewe unaifuta galaksi. Usiku wa giza galaksi ipo, na taa nazo zipo. Nenda nyuma ya kilima, ziwa liwe mgongoni, utazame kusini juu ya nchi kavu. Enzi za karabai mwanga ulikuwa wa njano na hafifu. Taa za siku hizi za sola ni nyeupe, zinachoma macho.

Mzee wa Ipuli
Nimesoma uzi wote tangu juu. Vijana mnaongea fimbo imetoka wapi, hamuulizi inafanya kazi gani. Nimeona picha, kuna mistari myeusi ya vumbi inapita ndani ya fimbo kuelekea katikati. Hiyo ni nini?

Mwl wa Kasulu
@Mzee wa Ipuli shikamoo mzee. Umeona vizuri. Fimbo inaipokonya gesi mzunguko wake, gesi ikipoteza mzunguko inaporomoka kuelekea kiini. Mistari ile ni vumbi na gesi iliyobanana ikiwa njiani. Ikifika katikati inazaa nyota kwa wingi, nyingine inaendelea hadi kwenye shimo jeusi lenye uzito kama wa majua milioni 2. Mwaka 2013 watafiti walitumia darubini mbili za eksirei, NuSTAR na XMM-Newton, wakaona shimo hilo linajizungusha karibu na kikomo kinachoruhusiwa na nadharia ya Einstein.

Mzee wa Ipuli
Marahaba. Kwa hiyo ni galaksi inayojilisha.

Nyuki wa Urambo
Na nyota zinazolipuka humo si haba. Supanova zilionekana 1957, 1983, 2001 na 2012. Kwa galaksi moja, ndani ya umri wa mtu mmoja, si mchezo. Sisi katika Njia Nyeupe ya mwisho kuonekana kwa macho ilikuwa 1604.

Relini
Sasa niwarudishe mahali mnapopakwepa. Tuseme kundi halileti fimbo. Je, halitaiua? Maana nimesoma kwamba katikati ya makundi galaksi zenye mikono ni chache, zimejaa zile za mviringo zisizo na gesi. Alan Dressler alionyesha hilo mwaka 1980. Katikati ya kundi la Tanuri kuna NGC 1399, donge kubwa lisilo na mkono hata mmoja. Jirani mwenye tabia hiyo anaambukiza.

Binti Ujiji
@Relini hapo nakuunga mkono, na inaniuma. Kati ya galaksi za kundi kuna gesi nyembamba ya moto sana. Galaksi ikiipenya kwa kasi inapigwa na upepo wake na kunyang'anywa gesi yake baridi, waliolieleza ni James Gunn na Richard Gott mwaka 1972. Na juzi juzi MeerKAT, ile mitambo ya antena 64 ya Afrika Kusini, imelichunguza kundi la Tanuri na kukuta galaksi zenye mikia mirefu ya haidrojeni. Wala si hadithi za vitabuni, zinavuliwa nguo tukiwa tunaangalia.

Ukitaka kuona mwisho wake tazama NGC 4921 ndani ya kundi la Coma, miaka ya nuru kama milioni 320. Ina fimbo, ina mikono, lakini mikono imepauka, nyota mpya karibu hakuna.

MtuWaMwanga
Subiri. Imenyang'anywa gesi lakini fimbo bado ipo? Basi fimbo haihitaji gesi.

Mwl wa Kasulu
Haihitaji. Sahani isiyo na gesi inaweza hata kuishikilia fimbo vizuri zaidi. Gesi nyingi inayokusanyika kiinini ndiyo wengine wanaoishuku kuwa inaidhoofisha. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa linaiua galaksi na kuihifadhi fimbo kwa wakati mmoja. Waliohesabu fimbo ndani na nje ya makundi wametoa majibu yanayopingana, inategemea wamechagua galaksi za uzito gani.

Dokta Feki
Nimerudi na hiki nimekihakiki. Mwaka 2008 walihesabu galaksi za mradi wa COSMOS, zilizopigwa picha na Hubble: leo karibu theluthi mbili za galaksi zenye mikono zina fimbo, lakini miaka bilioni 7 iliyopita ilikuwa kama moja kati ya tano. Maana yake fimbo ni dalili ya uzee. Galaksi ikitulia ndipo inaota fimbo. Msongamano hauhusiki.

Binti Ujiji
@Dokta Feki hongera, hii ni ya kweli. Ila Hubble ilikuwa haioni vizuri za mbali. James Webb imeanza kuzikuta zamani zaidi. Mwaka 2023 walitangaza ceers-2112, galaksi yenye fimbo wakati ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama bilioni 2 tu. Mtoto mwenye fimbo ya mzee.

Dokta Feki
Kila nikija na karatasi mnakuja na darubini mpya.

Nyuki wa Urambo
Sijaona mtu amesema Mungu kapanga hivyo. Niseme mimi basi, tuendelee.

Mama Mawese
Amina. Na anapanga kwa kutumia mvutano, mwanangu, usiogope.

Sir Migebuka
Wadau, nina darubini ya zamani niliyoachiwa na mjomba, ila kioo kimeota kuvu, vinyuzi vyeupe vimetambaa kutoka pembeni. Nyumba iko karibu na maji. Inasafishika?

Karabai
Usikiguse kwa kitambaa kikavu, utakikwaruza. Kama ni kioo cha kuakisi kitoe, kimwagie maji safi ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya maji, pamba ipite juu bila kukandamiza, suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kiache kisimame kikauke. Kama ni lenzi iliyofungwa ndani, mpe fundi wa kamera. Halafu usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, ndiko kuvu linakopenda. Kama vinyuzi vimeshakula tabaka la juu, alama zitabaki.

Mzee wa Ipuli
Nimerudi kwenye lile wingu la kijana wa Sikonge. Nimesoma kwamba fimbo yake haikukaa katikati ya galaksi, imesogea upande. Ni kweli?

Karabai
Kweli mzee. Imehama.

Mwl wa Kasulu
Na baadhi ya wanaofanya mahesabu wanasema Wingu Dogo la Magellan ndilo lililoligonga na kuihamisha. Ni pendekezo, wapo wasiolikubali.

MtuWaMwanga
Kwa hiyo jirani yupo kwenye faili. Naomba iandikwe.

Binti Ujiji
Jirani mmoja aliyegonga mara moja si msongamano, na kuhamisha fimbo si kuitengeneza. Leta galaksi mbili za uzito uleule, moja ndani ya kundi na nyingine peke yake, tuzilinganishe.

MtuWaMwanga
NGC 1300 haimo kwenye kundi kubwa kama la Tanuri, na fimbo yake imenyooka kuliko hii.

Binti Ujiji
Umesikia ulichokiandika?

Sir Migebuka
😂😂😂 Kioo nimekitoa, sabuni ya unga inafaa?

Karabai
HAPANA.